Maswali na Majibu ya Lugha: "Wilderness" na mnyama aliyesahaulika

SWALI: Mimi ni mwongoza watalii, Arusha. Kwenye semina tulifundishwa kwamba neno la Kiingereza "wilderness" limetokana na "will", yaani utashi, kwa hiyo maana yake ni ardhi inayojiamulia yenyewe. Wageni hulipenda sana hilo. Juzi mmoja akanipinga mbele ya wenzake. Nani yuko sahihi? Na mbona "wild" tunaitamka "waild", lakini "wilderness" inaanza na "wil"?

JIBU: Mgeni wako yuko sahihi, pole.

Muulize aliyewafundisha swali moja tu: "der" ni nini? Ukitoa "will" mbele na "ness" nyuma, unabaki na "der" mkononi, kama fundi aliyefunga redio akakuta skrubu mezani. Fundi mwenye aibu hufungua tena. Wa semina wanaitupa skrubu uvunguni na kukukabidhi cheti.

Na hiyo "der" ndiyo yenye habari yote. Katika Kiingereza cha kale "deor" alikuwa mnyama, mnyama yeyote. Wajerumani hadi leo humwita "Tier", Waholanzi "dier". Hata Shakespeare, ndani ya tamthilia yake King Lear, anawataja panya pamoja na "small deer", na hakuwa na maana ya kulungu wadogo, alikuwa na maana ya vinyama vidogo. Baadaye neno likabana, likabaki kwa yule mmoja mwenye pembe za matawi. (Kwetu "nyama" siku hizi ni ya buchani, lakini wazee bado wanasema "nyama mkali wa mwituni".) Basi "wilddeor" ni mnyama wa mwitu, na "wilderness", inayoonekana katika maandishi tangu mwaka 1200 hivi, ni mahali pa wanyama wa mwitu. Kuna wataalamu waliowahi kukisia kwamba "wild" na "will" ni ndugu wa mbali sana. Hicho ni kisio, tena ni kuhusu "wild" peke yake.

Matamshi nayo yana sababu. Kiingereza cha zamani kilizoea kufupisha irabu ndefu neno linapoongezewa silabi nyuma. Linganisha "holy" na "holiday", ambayo asili yake ni siku takatifu: irabu ya kwanza imefupika vilevile. "Wild" ilibaki peke yake, "i" yake ikawa ndefu na mwishowe ikawa "ai". Ndani ya "wilderness" haikupata nafasi hiyo.

Kuhusu tafsiri, maana najua litafuata: usitafute neno moja la Kiswahili. Watafsiri wa Biblia ya Union hawakulipata. Yohana Mbatizaji anahubiri katika "nyika" ya Uyahudi, Musa anasemeshwa katika "bara" ya Sinai, na kwingine ni "jangwa". Kila moja lina picha yake. Tena "nyika" lina kisa chake: watu wa pwani waliwaita majirani zao Wamijikenda "Wanyika", kwa dharau. Yaani palipoitwa nyika palikuwa na watu, kaya na mashamba. Ukisimama mbele ya wageni ukasema "wilderness" kwa maana ya ardhi isiyowahi kukaliwa, kumbuka kwamba Wamaasai waliishi Serengeti na mifugo yao hadi walipohamishwa mwaka 1959.

Lakini kinachonichosha hasa ni huu mtindo wa kukata maneno kwa sikio, maana hauishii kwenye Kiingereza. Kila mwezi napata ujumbe kwamba Tanganyika ni "Tanga" na "nyika", mji wa Tanga na pori lililo nyuma yake. Linapendeza mdomoni. Ila Waingereza waliipa nchi jina hilo mwaka 1920 kutokana na ziwa, na ziwa lilikuwa likiitwa hivyo wasafiri Waingereza Burton na Speke walipolifikia mwaka 1858, huko Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tanga. Nikiwaeleza, najibiwa: "Lakini si yanafanana?" Yanafanana, ndiyo. Hata "paka" wa kufugwa na "paka" rangi yanafanana.

Kwa hiyo mtu akikupa asili ya neno, usimuulize kama inaingia akilini, maana zote huingia. Muulize neno liliandikwaje zamani, wapi, mwaka gani. Akianza kukupasulia herufi ubaoni, chukua chai na maandazi uliyokwisha kuyalipia, uondoke.