Dirisha la chuma au la alumini?
Ndugu, kati ya chuma na alumini kwa hiyo nyumba yako mpya ya Ruai, mimi ningechukua alumini, ila si ya kusukuma (inayoteleza kwenye reli) kila mahali. Dirisha la kusukuma la vioo viwili hufunguka nusu tu, na reli yake ya chini hushika vumbi (la Ruai unalijua). Vile vitundu vya kutolea maji kwenye reli hiyo vikiziba, mvua ya Aprili inaingia hadi sebuleni. Jikoni na bafuni weka ya bawaba. Chuma ni imara na grili huchomelewa humo humo, lakini bila rangi ya kuzuia kutu utajuta. Na fundi asikate fremu kwa vipimo vya kabla ya plasta; plasta hupunguza nafasi, haitaingia.