Kama Hemingway Alikushinda, Anzia Paris

Wengi wetu huku tunamjua mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway kwa bunduki na Kilimanjaro: mzungu mwenye ndevu aliyekuja kuwinda Tanganyika, akarudi kwao na hadithi. Mimi nilimsoma kwa ajili ya mtihani, nikamweka kabatini. Aliyenirudisha kwake ni kitabu cha kumbukumbu zake, A Moveable Feast, na siku hizi mtu akiniambia Hemingway hasomeki, namwambia aanze na hicho.

Kilitoka mwaka 1964, miaka mitatu baada ya kifo chake. Humo ndani mwindaji hayumo. Yumo kijana wa miaka ishirini na kitu, anayeandikia gazeti la Toronto na kukaa na mkewe Hadley katika nyumba isiyo na maji ya moto, mtaa wa Cardinal Lemoine, Paris. Ada ya kuazima vitabu hana, lakini Sylvia Beach wa duka la Shakespeare and Company anamwambia atalipa akipata, naye anaondoka na Turgenev na Tolstoy kwapani. (Umaskini wenyewe upokee kwa tahadhari. Hadley alikuwa na fedha za urithi.)

Shika penseli kila anapoeleza kazi. Anasema huacha kuandika akiwa bado anajua kitakachofuata, kisha haiwazii hadithi hadi kesho yake. Na kuna mahali yuko mkahawani Closerie des Lilas, anaandika habari za mtu aliyerudi kutoka vitani, na vita vyenyewe havitaji hata mara moja. Hapo funga kitabu, utafute hadithi hiyo: Big Two-Hearted River, ya mwaka 1925. Nick anashuka kwenye treni huko Michigan, anatembea na mzigo mgongoni, anasimamisha hema, anachemsha kahawa, anavua samaki. Basi. Ukiisoma bila kujua lolote utauliza kisa kiko wapi. Ukiisoma ukitokea Paris, utaona jinsi Nick anavyofanya kila kitu polepole na kwa mpangilio, kama mtu anayeogopa mikono yake ikikosa kazi kichwa kitaanza kufikiri. Mimi hapo ndipo nilipomwelewa Hemingway.

Sura zinazomhusu mwandishi mwenzake, Scott Fitzgerald, zinachekesha, hasa safari ya kwenda Lyon kuchukua gari, ila zina ukatili. Fitzgerald alifariki 1940, Gertrude Stein, mwandishi mwingine anayesimuliwa humo, 1946, na Hemingway aliziandika kumbukumbu hizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wa kumjibu hakuwapo. Furahia umbea, lakini usiufanye ushahidi.

Ukienda kununua utakuta matoleo mawili. Chukua la 1964, lililohaririwa na Mary, mke wake wa nne. Lina mtiririko mzuri zaidi kwa anayeanza. La 2009 lilipangwa upya na mjukuu wake, Seán, likaongezwa sura ambazo Mary aliziacha. Tofauti kubwa iko mwishoni, pale ndoa ya Hadley inapovunjika na Pauline Pfeiffer, aliyekuja kuwa mke wake wa pili, anaingia. Ukimaliza la kwanza, azima la pili usome sehemu hiyo tu, ukikumbuka kwamba Seán ni mjukuu wa Pauline.