Kwa nini haisemwi "do a mistake"?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Sarufi ya Kiingereza naimudu na msamiati ninao, lakini insha zangu zote zinarudi na wino mwekundu. Nikiandika "I did a mistake", "say the truth" au "big rain", naambiwa tu, "Haisemwi hivyo." Ipo kanuni ya kujua "do" inakaa wapi na "make" wapi?
Msomaji, masomo ya jioni

JIBU: Marahaba. "Haisemwi hivyo" ni kweli, ila haimsaidii mtu, na inaniuma mwanafunzi mwenye bidii kama wewe akiachwa hapo. Makosa yako matatu yana chanzo kimoja. Umewaza Kiswahili safi kabisa, kufanya kosa, kusema ukweli, mvua kubwa, kisha ukageuza neno kwa neno. Wenyewe husema "make a mistake", "tell the truth" na "heavy rain".

Kanuni unayoitafuta ipo: "make" ni kuunda kitu, "do" ni kutenda kazi. Inatosha kwa "make a dress" na "do your homework", halafu inakwama. Juhudi ni tendo, nao husema "make an effort". Hasara ni matokeo, nao husema "do damage". Kwa hiyo mimi siifundishi.

Anza na nomino, kwa sababu nomino ndiyo inayochagua kitenzi. Ukiuliza "do" inaendana na nini, orodha haina mwisho. Uliza "decision" inataka nini, utapata vichache tu: "make a decision", "reach a decision". Hata kamusi ifungue kwenye nomino, usome mifano iliyopo chini yake, na daftarini uandike sentensi nzima. Zipo pia kamusi maalumu za maneno yanayoandamana. Ukiipata moja, usiiache.

Sasa hapa tulia kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza. Maneno hayo hubaki wenzi hata yakitenganishwa au kupinduliwa: "the mistake I made last week", "a decision had to be made". Mtu anakumbuka vizuri "make a mistake" yakiwa bega kwa bega, lakini nomino ikitangulia anarudi kwenye "the mistake I did". Jizoeze kuandika kila jozi kwa namna zote mbili.

Vivumishi navyo ni hivyo hivyo. "Heavy" huenda na "rain", na "traffic", hata na "smoker", lakini upepo mkali ni "strong wind". Angalia pia unamwandikia nani: kwa rafiki, "do research" inatosha; kwenye ripoti rasmi, "conduct research" inakaa vizuri zaidi.

SWALI: Mwenzangu anasema "take a shower", mimi nilifundishwa "have a shower". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nyote wawili. Ya kwanza ndiyo ya Marekani, ya pili imezoeleka zaidi Uingereza. Huko Uingereza utakuta hata "take a decision", ambayo kwa Mmarekani ni ngeni sikioni. Kama una mtihani mbele, uliza mapema watahini wanafuata Kiingereza cha upande gani, kisha ushike huo huo mwanzo hadi mwisho wa karatasi.