Leseni ya gari inatosha kukodi skuta Thailand?

Ndugu yangu, kama una daraja B pekee, lile la magari madogo, jibu ni hapana. Hata ukienda AA, chama cha wenye magari, hapa Nairobi wakakupa kibali cha kimataifa cha udereva, kile kijitabu hakikuongezei daraja. Kinaeleza tu kilichoko kwenye kadi yako ya leseni. Kifungue uone: kila daraja lina nafasi yake ya muhuri, na pale kwenye A, penye pikipiki, patabaki patupu.

Mwenye duka la kukodisha huenda asikuulize kitu, yeye anataka hela na pasipoti (usimwachie pasipoti, mpe pesa za dhamana). Shida ni ukianguka. Bima nyingi za safari hukataa kulipia hospitali kama hukuwa na leseni ya chombo ulichoendesha.

Ingia shule ya udereva uongeze A2, daraja la pikipiki, kwanza, ndipo uombe kibali. A3 waachie watu wa boda. Kadi yenyewe pia ubebe.

Ingekuwa Arusha, leseni yetu ya Kenya yenye A2 ingetosha bila kibali. Ukivuka Namanga na pikipiki yako, tafuta mapema kadi ya njano ya COMESA, bima ya chombo inayotambulika nchi jirani.