Nipo Kigoma, nataka kuingia DAO: nianzie wapi, na pesa itanifikiaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji wa katuni za video na mhariri wa picha, naishi Mwanga, Kigoma. Kwa miaka minne nimekuwa nikirekodi maisha ya ziwani: wavuvi wa Kibirizi, akina mama wanaoanika dagaa, treni ikiingia stesheni. Kuna kundi la Telegram linaniambia nikilipa shilingi 150,000 nitapata uanachama wa DAO ya wabunifu, na tokeni zitanilipa kila mwezi. DAO ni kitu gani hasa? Mbunifu anaingiaje, na pesa inafikaje kwenye simu yake? Je, mimi na wenzangu saba tunaweza kuanzisha ya kwetu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kwanza kabisa, hiyo 150,000 usiitume. Nitakueleza sababu, lakini nimeona niitangulize ili usije ukalipa leo jioni kabla hujamaliza kusoma.

Bila shaka unakijua kikoba. Lipo sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo wamepewa watu watatu tofauti. Siku ya kikao sanduku linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, na anayetaka mkopo anasimama kuomba, wanachama wanaamua. DAO (kifupi cha Kiingereza cha decentralized autonomous organization, yaani kikundi cha mtandaoni kisicho na bosi mmoja) imejengwa kwa wazo hilohilo, ila sanduku lake ni programu iliyowekwa kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni ambalo kila mtu anaweza kulisoma, mara nyingi Ethereum, iliyoanza kazi mwaka 2015. Sanduku hilo huitwa hazina. Mwombaji anaandika pendekezo, wenye tokeni (vipande vya kidijitali vinavyoweza kununuliwa na kuuzwa) wanapiga kura, na pendekezo likipita pesa zinatoka kufuatana na masharti yaliyoandikwa kwenye programu. Kwingine zinatoka baada ya watu kadhaa waliochaguliwa kutia saini zao, kwa mfano watatu kati ya watano.

Tofauti na kikoba chako ni mbili. Ya kwanza ni nzuri kwako: hazina iko wazi, hata asiye mwanachama anaweza kuona kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Waombe hao wa Telegram anwani ya hazina yao, ile inayoanza na 0x na kufuatiwa na herufi na tarakimu 40. Ukiibandika kwenye tovuti ya Etherscan, au ile ya mtandao wanaotumia, utaona kila malipo waliyowahi kufanya kwa wabunifu. Wakikupa namba ya simu badala ya anwani, hapo hakuna DAO. Ni kweli zipo DAO ambazo lazima ununue tokeni ili uingie. Friends With Benefits, iliyoanza 2020, ilijulikana kwa mfumo huo. Lakini tokeni hiyo unainunua mwenyewe sokoni, kwa bei ambayo kila mtu anaiona. Humtumii mtu pesa akuandikishe, wala hakuna anayeweza kukuahidi mapato ya kila mwezi kwa kukaa tu.

Tofauti ya pili ndiyo inayowaumiza wengi. Kikobani kwa kawaida kila mwanachama ana kura moja. Kwenye DAO nyingi, tokeni ndiyo kura. Mwenye tokeni elfu ana kura elfu. Ukinunua tokeni za laki moja na nusu hutabadilisha uamuzi wowote pale. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mchoraji, mwanamuziki au mpiga picha wa huku kwetu ni mmoja: ingia kwa mlango wa kazi, usiingie kwa mlango wa tokeni. DAO ina pesa na haina mikono ya kutosha. Inahitaji mabango, katuni, video za kueleza mambo yake, tafsiri, uhariri. Mikono unayo.

Mlango huo una hatua zake. Unaanza na vibarua: kazi ndogo zinazotangazwa kwenye Discord (programu ya mazungumzo ya vikundi) au kwenye ubao wa kazi wa DAO, kila moja na malipo yake yameandikwa. Vibarua viwili vitatu vikikubaliwa, jina lako linaanza kujulikana, na hapo ndipo unapoandika pendekezo lako mwenyewe. Wachache wanaendelea hadi kuwa wafanyakazi wa kudumu wanaolipwa kwa mwezi. Hatua ya pendekezo ndiyo ningependa tukae nayo, kwa sababu nimeona vijana wengi wenye kipaji wakianguka pale.

Chukua mfano wa Nouns DAO. Agosti 2021 ilianza kunadi mchoro mmoja kila siku. Pesa ya mnada inaingia kwenye hazina, na mshindi anapata mchoro pamoja na kura. Alama yao ni miwani yenye fremu za mraba. Hazina hiyo imeshalipia filamu fupi, katuni, sanamu na kazi nyingine nyingi za wabunifu. Asiye na kura anaweza kuweka andiko la awali, kisha akatafuta wenye kura wamdhamini ili lifike kupigiwa kura. Wewe ungeandika hivi (USDC ni sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola):

"Nitatengeneza video ya dakika 4 kuhusu dagaa wa Ziwa Tanganyika, kuanzia taa za wavuvi usiku hadi kichanja cha kukaushia. Ndani yake kuna katuni ya sekunde 40 ya mvuvi aliyevaa miwani ya Nouns. Naomba USDC 900: 300 pendekezo likipita, 300 nikituma michoro na sauti, 300 nikikabidhi video kamili. Nisipokabidhi hatua moja, inayofuata isilipwe. Kazi zangu tatu zilizopita ni hizi."

Linatosha. Lina kazi, kiasi, hatua, na uthibitisho kwamba unaweza. Kinachokosekana ni ratiba, na hapo wewe wa Kigoma unajua kuliko mpiga kura yeyote aliye Berlin au Chicago. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani wakati wa giza; mbalamwezi ikikomaa wanapumzika, kwa hiyo ukiahidi picha za taa usiku wa mwezi mpevu utarudi na ziwa tupu. Na kumbuka mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Pendekezo lililopitishwa Aprili bila kuhesabu hilo lingekwama palepale. Andika tarehe zako ukieleza sababu. Wapiga kura hawakujui, na maelezo ya namna hii ndiyo yanayowafanya wakuamini.

Kugawa malipo kwa hatua kunakulinda na wewe pia. Septemba 2023 zaidi ya nusu ya kura za Nouns zilijitoa kwa pamoja, wenye nazo wakaondoka na fungu lao la hazina, takriban dola milioni 27. Hazina inaweza kupungua katikati ya kazi yako. Usitangulize gharama za mashua na mafuta kutoka mfukoni ukitegemea malipo ya mwisho.

Jambo jingine la kusoma mapema ni haki za mchoro. Michoro ya Nouns iko chini ya CC0, maana yake mtu yeyote duniani anaweza kuitumia, kuibadilisha na kuiuza bila kukuuliza wala kukulipa. DAO nyingi zinataka kazi wanazozilipia nazo ziwe hivyo. Si vibaya, mradi bei yako ihesabu kwamba unauza mara moja tu. Lakini usipeleke huko kazi unazotegemea kwa maisha yako yote, wala sura za akina mama wa Kibirizi ambao hukuwaeleza picha zao zinakwenda wapi. Na usipange bajeti kwa kutegemea mrabaha wa kila mchoro unapouzwa tena. Agosti 2023 soko kubwa la OpenSea lilitangaza kuacha kulazimisha ulipwe.

Sasa pesa. Omba kulipwa kwa USDC, usikubali tokeni za DAO yenyewe zikiwa ndiyo malipo pekee. Hili nimejifunza kwa maumivu. Mwaka 2022 nilijenga tovuti ya DAO moja kwa wiki sita, nikakubali tokeni zao zilizofungwa kwa nusu mwaka. Thamani yake siku ya kusaini ilikuwa nzuri, hata nikamwahidi mwanangu shule ya bweni. Zilipofunguliwa sikupata mnunuzi. Mtoto alibaki shule ya kutwa hapa Tabora, na ile ahadi bado inanisumbua. Ukipenda DAO na unataka sehemu ya malipo iwe tokeni, sawa, iwe ile sehemu ambayo hata ikipotea mtakula.

Ili upokee unahitaji waleti, yaani programu ya kutunzia sarafu hizi, kama MetaMask. Itakupa maneno 12 ya siri. Yaandike kwa kalamu kwenye daftari mbili, uziweke nyumba mbili tofauti. Usiyapige picha, usiyatume WhatsApp hata kwa mumeo au dada yako, na anayejiita huduma kwa wateja akiyaomba ujue ni mwizi. Hakuna benki ya kwenda kulalamika. Kupiga kura kwenye tovuti ya Snapshot, ambako DAO nyingi hupigia kura, hakulipiwi ada na hakuhamishi pesa. Ukiona ombi la saini linalotaja kuruhusu tokeni zako zitumike, kataa kwanza, uliza baadaye.

Ada ya mtandao, inayokatwa kwa kila muamala, nayo iangalie. Novemba 2021 watu 17,437 walichangia ConstitutionDAO, ikapata kama dola milioni 47 za kununua nakala mojawapo ya chapa ya kwanza ya Katiba ya Marekani kwenye mnada wa Sotheby's. Wakashindwa mnadani. Waliotoa kidogo, walipotaka kurudishiwa, wakakuta ada ya Ethereum inakaribia au inazidi mchango wenyewe. Kwa malipo ya dola mia tatu omba utumiwe kupitia mtandao wa ada ndogo, kama Base, Optimism au Polygon, na hakikisha wewe na mlipaji mmetaja mtandao uleule. Omba dola moja ya majaribio itangulie.

Kuigeuza kuwa shilingi, watu wengi hutumia majukwaa ya kuuziana mtu kwa mtu: USDC yako inashikiliwa na jukwaa, mnunuzi anakutumia shilingi kwenye simu au benki, wewe unathibitisha, sarafu inaachiliwa. Thibitisha kwa kuangalia salio lako mwenyewe, usiamini meseji wala picha ya muamala. Jina la aliyetuma likitofautiana na la mnunuzi, rudisha na usitishe. Pesa ya wizi hupita njia hiyo na akaunti inayofungwa ni yako. Kisheria, Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki kuwa fedha halali nchini, kwa hiyo hasara ikitokea ni yako. Wakati huohuo Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Tunza kumbukumbu ya kila malipo na umwone ofisa wa TRA pale Kigoma, maana kipato cha kazi nacho kina kodi yake.

Kuhusu ninyi wanane: mnaweza, na mimi nisingeanza na tokeni hata kidogo. Mwaka 2016 DAO ya kwanza kubwa, iliyoitwa The DAO, ilichangiwa takriban dola milioni 150. Mtu mmoja akapata ufa kwenye programu yake na kuchota ether (sarafu ya Ethereum) milioni 3.6, mpaka Ethereum nzima ikalazimika kugawanyika. Wale walikuwa mafundi. Ninyi mna kazi ya kuchora.

Fungueni hazina ndogo kwa programu ya Safe, saini tatu kati ya tano, na hao watano wasiwe wa nyumba moja. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya pesa ya kwanza kuingia: mchoraji anapata asilimia ngapi, mhariri ngapi, ngapi inabaki kwa vifaa. Sambamba na hilo sajilini kikundi halmashauri kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii. Mwaka 2023 mahakama ya Marekani iliihukumu Ooki DAO kama chama kisichosajiliwa, na mamlaka iliyoishtaki ilisema wazi kwamba waliopiga kura ni wanachama wanaobeba dhima. Kikundi chenye cheti, katiba na akaunti ya benki kinawapa pa kusimama. Kama kati yenu yupo anayetunza ufunguo wa kikoba mtaani kwenu, mpeni mojawapo ya saini hizo tano.