Domeni ikiisha haianguki siku ileile, hesabu siku zako

Wadogo zangu mnaoanza hii kazi ya kutengenezea watu saiti hapa Goma, niwaambie kitu ambacho mimi nilikielewa siku ya shida. Domeni, yaani jina la saiti lenye mwisho kama .com, hainunuliwi, inapangwa. Tunasema "nimenunua domeni" lakini umelipa kodi tu, ya mwaka 1 mpaka miaka 10, na kodi ikiisha hutupwi nje siku ileile, kuna milango unapitishwa mmoja baada ya mwingine na kila mlango una siku zake na bei yake. Ukiijua hiyo milango utaokoa majina ya wateja wako, na utajua pia wale wanaovizia jina la mtu wamekaa mlango gani.

Mwanzo wa 2025 benki zilifungwa hapa mjini, wote mnakumbuka. Nilikuwa na mteja, mama mmoja anauza jibini ya Masisi, saiti yake ya .com nilimtengenezea mimi na domeni yake ilikuwa inajilipa yenyewe kila mwaka, mwezi wa Februari, kwa kadi yangu. Kadi ikawa haina kitu na sikuwa na mahali pa kuiwekea pesa, malipo yakakataa. Sheria ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, inawalazimisha wauza domeni kukumbusha: barua moja karibu mwezi mzima kabla, nyingine karibu wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Barua zilitumwa kweli, ila zilienda kwenye imeli ya mama, ile info@ ya domeni ileile! Mbili za kwanza hakuna aliyezifungua maana mji ulikuwa na mambo mengine, na ya tatu haikufika popote kwa sababu domeni ilishazimwa na imeli ikazimika nayo. Mimi sikujua kitu mpaka mama aliponipigia: "Mwana yangu, bakiliya ba Kinshasa banasema imeli yangu haipite tena." Bakiliya ni wateja. Nikahesabu, tulikuwa siku ya hamsini na kitu tangu domeni iishe.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa .com, .net na .org, baada ya kuisha kuna mlango wa kwanza ambao unaweza kufika siku 45, lakini ni yule uliyesajili kwake anayeamua atakupa ngapi kati ya hizo, na wengi mwanzoni wanakuacha ulipe bei ileile ya kawaida. Soma masharti yake kabla hujampa pesa, kila mmoja ana yake. Na hapa ndipo wengi wanadanganyika wakingoja jina zuri: wanafikiri litaanguka chini waokote, kumbe kampuni iliyosajili jina hilo imeshaliweka mnadani kabla halijaanguka, na mshindi anahamishiwa jina moja kwa moja bila lenyewe kufutwa hata dakika moja. Majina mengi mazuri yanaondoka kwa njia hii.

Lisipopata mtu linafutwa na kuingia mlango wa pili, siku 30, kwenye whois, pale unapotafuta habari za domeni yoyote, utaona imeandikwa redemptionPeriod. Hapo ni mwenyewe tu anaweza kulirudisha, lakini kwa faini. Mama wa jibini alikuwa hapo. Nililipa zaidi ya dola 80 juu ya bei ya mwaka, tena kwa kadi ya shemeji yangu wa Nairobi, na sikumdai mama hata franga moja kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Mlango wa tatu ni siku 5, pendingDelete, hapo hata mwenyewe alie vipi hakuna wa kumsaidia. Zikiisha jina linaachiliwa na anayefika wa kwanza ndiye wake. Majina ya .com yanaachiliwa na Verisign, kampuni inayotunza orodha ya .com, kwa kawaida kuanzia saa 14 ya New York, ni kama saa 20 au 21 usiku hapa kwetu kulingana na majira yao. Usikae na simu yako na mega zako ukirefresha, ndugu yangu. Kuna makampuni yenye mamia ya vibali vya usajili na mashine zinaomba jina hilohilo kwa mfululizo, jina lenye thamani linachukuliwa hata sekunde haijaisha. Ukilitaka kweli weka oda kwao mapema, wengi wanakata pesa wakishinda tu, na watu wawili wakiweka oda basi ni mnada tena.

Na ukilipata, kabla hujafurahi angalia lilikuwa la nani. Fungua Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani za mtandao, uone saiti ya zamani, pitisha jina kwenye Spamhaus, wanaoorodhesha majina ya watuma barua taka, maana ukirithi jina lililotumiwa na matapeli imeli za mteja wako zitaishia kwenye takataka na hutajua kwa nini.

Kitu kinachonitia hofu zaidi ni imeli. Aliyechukua domeni yako anaweza kupokea barua zako zote, na kwa barua anabadilisha neno la siri la akaunti zako zingine. Nchi yetu yenyewe iliponea hapo: mwisho wa Desemba 2020 mtaalamu wa usalama wa Uswidi, Fredrik Almroth, aliona scpt-network.com imeachwa iishe, na jina hilo lilikuwa moja ya yale yanayoelekeza watu kwenye saiti za .cd, mwisho wa majina ya Kongo. Aliisajili yeye kabla mwizi hajaiona, akawajulisha wanaosimamia .cd. Ingekamatwa na mtu mbaya, angeweza kugeuza njia ya watu wengi sana waliokuwa wanafungua saiti za Kongo.

Tangu siku ile kila domeni ya mteja naiandika kwenye daftari na tarehe ya kuisha, imeli ya mawasiliano naweka ya nje ya domeni hiyo, na namba ya mtu wa pili wa familia. Ya mama nimeilipia mpaka 2030, mtoto wake mkubwa ana neno la siri, na bakiliya ba Kinshasa wanaagiza jibini kama zamani.