Tuktuk imenigonga na sijui kama ina bima: nimdai nani?

SWALI: Assalamu alaykum Wakili. Ijumaa jioni nilikuwa kwenye foleni ya Daraja la Nyali nikirudi Bamburi, tuktuk ikanigonga kwa nyuma. Bampa limepasuka na taa moja imevunjika. Hakuna aliyeumia. Dereva, kijana mdogo, alisema bima ipo lakini cheti kiko kwa bosi. Akanipa shilingi 3,000, nambari yake ya simu na karatasi aliyoandika kwamba atatengeneza. Tangu Jumapili simu haipokei. Gari langu lina bima ya thadi pati peke yake, ile ya kufidia wengine. Fundi wa Kongowea ananiambia elfu 18. Halafu kuna bwana mmoja hapa karibu na stesheni ya polisi anasema atanifuatilia mpaka kampuni ya bima ya tuktuk inilipe, achukue thuluthi. Je, ikiwa tuktuk haina bima, haki yangu ndiyo imepotea? – Mama Salim, Bamburi.

JIBU: Wa alaykum salaam, Mama Salim. Pole kwa mkasa, na alhamdulillah hakuna aliyeumia.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu naletewa karibu kila wiki, na kila mara linakuja kichwa chini miguu juu. Watu wameaminishwa kwamba bima ndiyo inayozaa haki ya kulipwa: ipo, utalipwa, haipo, shukuru Mungu uende zako. Sivyo hata kidogo. Unalipwa kwa sababu mtu amekuharibia gari kwa uzembe wake. Bima ni mfuko tu ambao huenda akauchomolea pesa za kukulipa. Mfuko ukiwa mtupu, deni liko palepale, na mwenye deni ni yeye.

Sasa lililo gumu zaidi kumezwa. Hata tuktuk hiyo ikiwa na bima safi ya tarehe ya leo, huenda bado huna njia ya kuikamata kampuni moja kwa moja kwa ajili ya bampa. Sheria inayomlazimisha kila mwenye gari Kenya kukata bima, yaani Sura ya 405, inataka bima ya vifo na majeraha ya watu wengine. Bati halimo. Kampuni nyingi huongeza kinga ya mali ya wengine ndani ya mkataba, lakini mkataba huo ni wa kampuni na mteja wake. Mteja asipopeleka taarifa ya ajali, utakaa kwenye viti vya mapokezi mpaka uchoke, uambiwe “tunamsubiri mteja wetu”. Wajibu ule wa kampuni kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, unaosikia ukitajwa mitaani, unahusu yale ambayo sheria imelazimisha, yaani watu walioumia au kufa. Kwa hiyo huyo bwana wa stesheni anakuuzia mlango ambao hana ufunguo wake.

Hiyo haina maana usiulize habari za bima. Uliza, lakini usiifanye ndiyo kazi yenyewe. Vyeti vya bima ya magari siku hizi hutolewa kidijitali kupitia mfumo wa DMVIC ulioletwa na muungano wa kampuni za bima, AKI, na cheti huhakikiwa humo kwa nambari ya gari. Askari wa trafiki anaweza kukagua, na wakala yeyote wa bima mwenye leseni pia. Tuktuk na matatu nyingi hukatiwa bima ya mwezi mmoja mmoja, na hapo katikati ya mwezi na mwezi ndipo ajali nyingi za “cheti kiko kwa bosi” hutokea. Angalia tarehe ya kuanza na ya kuisha. Cheti kilichoanza Jumamosi hakifuniki ajali ya Ijumaa, hata bosi aape namna gani. Zamani stika za karatasi ziliweza kuandikwa tarehe ya nyuma kwa kalamu. Sasa ni vigumu, ingawa wako wanaoendelea kuahidi kwamba “itapangwa”.

Na usiridhike na jina la kampuni tu. Kampuni kadhaa zilizokuwa zikiyakatia bima magari ya abiria zimeanguka zikiwa na madai ya watu mkononi. United iliwekwa chini ya msimamizi 2005, Blue Shield 2011, na Invesco ikaingia kwenye ufilisi 2024. Wateja wao walikuwa na stika halali kwenye kioo.

Tuje kwenye kesi yako. Kwanza, hiyo karatasi ya dereva ni dhahabu, iweke vizuri. Soma tena maneno yake. Ikiwa imeandikwa “nimegonga gari la mama kwa nyuma, nitatengeneza”, basi amekiri kwa mkono wake mwenyewe. Kinachoniumiza kichwa ni karatasi za namna nyingine, zile ambazo aliyegongwa naye anatia sahihi: “nimepokea 3,000, tumemalizana, sina dai tena.” Mtu anasaini akiwa amesimama kando ya barabara, honi zinapigwa nyuma, kondakta wa matatu anamtukana apishe njia. Miezi miwili baadaye naletewa karatasi hiyo niitafutie dawa. Sahihi yako isiwepo kwenye karatasi yoyote ya kando ya barabara yenye neno “tumemalizana”, iwe umepewa elfu tatu au elfu thelathini. Hizo 3,000 ulizopokea usizifiche. Zitakatwa kwenye jumla.

Pili, nenda polisi leo. Dereva ambaye hakujitambulisha inavyotakiwa baada ya ajali anapaswa kuripoti ndani ya saa 24. Wewe umekaa siku kadhaa ukingojea ahadi, na utaieleza hivyo hivyo ilivyo. Usipoteze muda zaidi, kwa sababu kijana akifika kabla yako anaweza kuandikisha kwamba wewe ndiye uliyerudi nyuma ukamgonga. Hapo wewe ndiye utakayedaiwa. Kwa sababu hiyohiyo wapigie kampuni yako ya bima uwaarifu, hata kama thadi pati yako haitakulipia chochote kwenye gari lako. Pata nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, kisha uombe abstrakti. Abstrakti haiuzwi. Anayekuambia kuna “ya haraka” kwa elfu mbili anakuibia mchana. Na ukiipata, ifahamu ilivyo: ni kumbukumbu ya kwamba ajali iliripotiwa, magari gani, nani na nani, bima gani ikiwa imejulikana. Si hukumu. Haisemi nani mwenye makosa, ingawa aliyegonga kwa nyuma kwenye foleni huwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Tatu, fundi. Mwambie asubiri. Elfu 18 ni bei ya kile anachokiona akiwa amesimama. Bampa la plastiki lina tabia ya kubonyea na kurudi, ukadhani ni ufa na mkwaruzo tu. Fungua buti, inua kapeti na gurudumu la akiba, upapase sakafu ya bati. Ikiwa imekunjamana au rangi imepasuka nyufa nyembamba, pigo limepita bampa likafika kwenye bodi. Tazama pia mlango wa buti ukiufunga: upenyo ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine, kuna kilichosogea. Gari likishapigwa rangi, ushahidi wote huo umekwisha. Mpe kwanza mkaguzi wa magari anayefanya kazi za bima (asesa mwenyewe, si rafiki wa fundi) aandike ripoti yenye picha. Ada yake, ukiwa na risiti, nayo inaingia kwenye madai. Mahakama zetu hazina mzaha kwenye jambo hili: pesa ulizotumia ni lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe. “Fundi aliniambia” hailipwi. Karatasi ya daftari isiyo na muhuri nayo italeta maneno.

Nne, na hapa ndipo nguvu zako zote ziende: mtafute bosi. Hukumu dhidi ya kijana anayeendesha kwa hesabu ya jioni, ile pesa anayompelekea bosi kila siku, ni karatasi ya kutundika ukutani. Sheria ya Trafiki inasema aliyeandikishwa kwenye logbuku ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine, na dereva akiwa kwenye kazi ya mwenye gari, mwenye gari anabeba uzembe wake. Tuktuk iliyotoka asubuhi kutafuta hesabu iko kazini. Omba rekodi ya umiliki NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, kwa nambari ya tuktuk. Inafanyika mtandaoni kwa ada ndogo. Ukikuta jina la mtu pamoja na la kampuni ya mikopo, usishtuke, nyingi hununuliwa kwa mkopo. Wa kushughulika naye ni yule anayeiendeshea biashara. Ukikuta jina la mtu aliyeiuza zamani bila kuhamisha logbuku, mwandikie vilevile. Barua yako ikimfikia, yeye mwenyewe atamtafuta mnunuzi wake, tena kwa kasi kuliko wewe.

Andika barua ya madai kwa dereva na mwenye tuktuk wote wawili: tarehe, mahali, kiasi, ripoti ya asesa, siku 14 za kulipa. Wengi hulipa hapo, au huomba kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Wasipolipa, peleka Mahakama ya Madai Madogo. Ilianzishwa kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Ndiyo, nimesema huhitaji wakili. Kwa dai la kiasi chako, kuniajiri mimi ni kuila pesa yenyewe. Kiswahili kinakubalika humo, zungumza kama ulivyoniandikia. Una miaka mitatu tangu siku ya ajali, lakini dereva wa tuktuk habaki mahali pamoja miaka mitatu.

Nirudi kwa huyo bwana wa stesheni, maana sidhani kama amekwisha kukuambia yote. Akigundua kwamba kampuni hailipi bampa, hatua yake inayofuata naijua: “Mama, shingo haikuumi kidogo?” Atakupeleka kwa mtu wa kujaza P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha, atatafuta abiria ambaye hakuwamo garini, na dai la taa moja litageuka dai la majeruhi watatu. Huko ndiko sheria ya bima ya lazima inakobana kampuni, naye anajua. Wewe utatia sahihi fomu ambazo hukuzisoma, na siku uongo utakapofumuka jina lililo kwenye P3 ni lako, lake halionekani popote. Madai ya namna hii yamechangia kuzimaliza kampuni za bima ya magari ya abiria, na yamemfanya kila anayeumia kwelikweli Pwani hii atazamwe kwa jicho la “mwingine huyu”. Nimewaona watu waliovunjika nyonga wakihojiwa kama wezi.

Mtu akiwa ameumia kweli, hata maumivu yakijitokeza siku mbili baadaye, aende hospitali kwanza, atibiwe, ahifadhi karatasi, ndipo aje kwa wakili. Kampuni ya bima inatakiwa kupewa taarifa ya kesi ndani ya muda uliowekwa na sheria; taarifa hiyo ikikosekana, hukumu nzuri kabisa inaweza kukosa mlipaji. Hiyo si kazi ya dalali.

Na akikuambia kwamba yeye anafanya kazi “na mawakili”, muombe jina la wakili huyo. Chama cha Mawakili Kenya, LSK, kina ukurasa wa kutafuta mawakili kwa jina, unaoonyesha kama mtu ana leseni ya mwaka huu. Jina lisipotokea, usimwachie hata nakala ya kitambulisho.